Mwezi na Soko Moja

Kru-kru-kru, halafu kimya. Kru-kru-kru, halafu kimya tena. Hivyo ndivyo alivyokuwa akiita kuku wa mama asubuhi ile niliyomchukulia vifaranga wake, na hata leo nikiwa naosha vyombo au nangoja chai ichemke naisikia vilevile: sauti ya chini, ya taratibu, haina hasira hata kidogo. Anaita, ananyamaza awape nafasi ya kujibu, anaita tena. Na waliotakiwa kujibu nilikuwa nao mimi, watatu, ndani ya sweta, nikiteremka nao matuta mawili ya shamba kwenda kwa susu.

Susu ndiye nyanya yangu, mama yake baba. Nyumba yake iko chini ya yetu, mbali kiasi cha kuku kutosikia vifaranga wake wakilia. Ushauri wa kuwaondoa ulikuwa wake. Mimi nilikuwa mikono tu ya kuutimiza. Niliwaambia wale vifaranga njiani, "Pole, pole, ni kwa wiki chache tu." Wiki ngapi, sikuwa najua. Nilidhani najua.

Wacha nirudi pale mambo yalipoanzia. Nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka Mlolongo, ambako nilikuwa napika chapati katika hoteli ya madereva wa malori. Sikufukuzwa. Hakuna mahali nimewahi kufukuzwa. Ni miguu tu. Siku ya kwanza kazini napenda kila kitu, hata ufagio naupenda. Wiki ya pili naanza kutazama barabara. Wiki ya tatu nimeshaota jambo lingine: nitafuga nyuki, nitashona nguo za maharusi, nitafungua kibanda cha keki Konza, ule mji wanaosema unajengwa, ukimalizika watu waje na kompyuta zao wanikute nimefika zamani na keki zangu ziko moto. Kabla ya hoteli kulikuwa na saluni, na kabla ya saluni duka la ndoo na masinia. Hakuna hata moja iliyouona mwezi ukiisha nikiwa bado ndani.

Mama alikuwa na neno lake kwa hilo. Mgeni akiuliza, "Na huyu msichana wako anafanya nini siku hizi?" mama hujibu, "Huyu? Huyu ni mtu wa wiki. Mwezi haujui." Watu wanacheka, nami nacheka kuwashinda, maana mimi kicheko hakinipi taabu. Lakini neno hilo lilikuwa linabaki mahali, kama mbegu ya pera iliyokwama kwenye jino.

Basi Ijumaa moja akaja shangazi yangu, dada yake baba, aliyeolewa upande wa Masinga. Alikuja na mkebe umejaa pumba, na ndani ya pumba mayai saba ya bata, makubwa, meupe kama yamepakwa chokaa. Bata mwenyewe hakuwepo tena. Bodaboda ilikuwa imemkanyaga mbele ya lango la shangazi, akiwa bado anataga, hajaanza hata kuyaatamia.

"Nilikuwa niyachemshe," shangazi alisema, "lakini mkono ulikataa. Nikiangalia sufuria, nikiangalia mayai, naona macho ya yule bata."

"Bata gani ana macho ya kuonwa," mama akasema. "Bata ni kelele na matope."

"Anti, nipe mimi," nikasema.

Wote wawili wakanigeukia. Ni vile watu wanavyomwangalia mtoto aliyesema atabeba gunia.

"Wewe utayapeleka wapi?"

"Kuku wa mama analalia hewa. Nitamwekea."

Ilikuwa kweli. Mama alikuwa na kuku mmoja wa madoadoa aliyempenda kuliko wote. Alikuwa akimfuata mama hadi jikoni, na mama alizungumza naye kama jirani. Wiki ile kuku huyo alikuwa ameketi kwenye kikapu kitupu kibandani, amevimbisha manyoya, anadonoa kila mkono unaomkaribia.

"Haya si kama ya kuku, wewe," mama akaniambia. "Kuku ni wiki tatu. Bata ni mwezi."

"Mwezi na soko moja," shangazi akasahihisha. "Usiharakishe. Mwezi na soko moja."

Mama akapiga makofi. "Aiya! Mwezi mtupu ulimshinda, sasa unamwongezea na soko juu!"

Walicheka mpaka shangazi akajifuta macho kwa leso. Nilicheka pia. Kisha nikauchukua mkebe.

Jioni susu alipanda kuja kuona. Alishika yai moja, akaligeuza, akasema, "Mchanganyie na yake mwenyewe kidogo, asione amepewa kibarua cha watu." Nikayaweka mayai ya bata yote saba, na matatu ya kuku, palepale, siku ileile. Nikafunika dirisha la kibanda kwa gunia. Nilienda kulala nikiwa na bata mia kichwani, wanaoga kwenye silanga, lile bwawa la chini, wakinyunyiziana maji, na watu wanatoka mjini kuja kuwaona.

Wiki tatu zilipotimia, mayai ya kuku yakapasuka kama yanavyopasuka miaka yote. Vifaranga wakachungulia kutoka chini ya bawa, na mama yao akaanza kusimama. Anasimama, anaketi, anasimama. Wao wanataka nje, yeye anataka kuwatoa nje, na yale mayai saba ya bata yanapoa katikati ya kikapu kama viazi vilivyosahaulika.

Nilikimbia kwa susu.

"Susu, si ulisema nimchanganyie!"

"Nilisema mchanganyie. Nilisema leo? Ya kuku hungojwa. Unayaweka baadaye ndio yote yatoke pamoja."

"Sasa nifanye nini?"

"Waondoe hao. Wote, mara moja, kabla hajawazoea. Ukimwachia hata mmoja, ameenda naye. Niletee mimi hapa, nitawaweka kwa kiondo karibu na moto."

"Na yeye?"

"Yeye ataita." Susu akachokoa moto wake kidogo. "Ataita, halafu ataketi."

Ndivyo ilivyokuwa. Aliita siku ile nzima na kipande cha siku ya pili. Kisha akaketi.

Mama aliporudi kutoka shambani na kusikia, hakucheka. "Yule ni kuku, si jiwe," aliniambia. "Wiki zake tatu amezimaliza. Hali vizuri, hanywi vizuri, amebaki mfupa. Na kile kidogo alichopata umemnyang'anya."

"Mama, akitoka yanapoa. Yanakufa yote saba."

"Na yeye akifa?"

Ningekuwa na moyo wa kugawa, ningempa kuku upande mmoja na mayai upande wa pili, lakini wote walishaingia na kuchanganyikana. Mama alisimama akinikazia macho, mkono kiunoni.

"Haya. Mlisema mwezi. Mwezi ukiisha, mayai yanaenda shimoni, na kuku wangu anatoka nje aonje jua."

"Na soko moja, mama."

"Na soko moja," akasema kwa shida. "Kwa sababu shangazi yako ndiye alisema."

Tangu hapo kuku ndiye aliyetulia, mimi ndiye niliyehangaika. Nateka maji, mtungi haujajaa nimeenda kibandani. Napalilia mbaazi, jembe nimeliacha limesimama kwenye mstari, niko kibandani. Mchana namtoa kwenye kikapu kwa mikono miwili ale na anywe. Naye anakula kwa haraka kama mtu aliyeacha maziwa motoni, anarudi mbio, anayapanga mayai kwa mdomo na kuyafunika. Akiwa nje nilikuwa nayanyunyizia maji ya vuguvugu, maana susu aliniambia bata hurudi kwenye mayai yake na tumbo lililolowa, na kuku hajui hayo. Nikishamaliza yote hayo, jua bado liko mahali pake. Naketi, nasimama. Nafagia ua uliokwisha kufagiwa. Kuna siku mama aliniambia, "Kama mayai yangetoka kwa kutembea, ungekuwa umeshaangua mbuni."

Na kila nikitembea nilikuwa nahesabu. Nilikuwa najua wiki zilizopita, nikitaka kuzigeuza mwezi, nijue zimebaki ngapi.

Shuleni tulifundishwa kwamba wiki nne ni mwezi mmoja. Iliandikwa ubaoni, tukainakili, ikawa sheria. Wiki nane, miezi miwili. Wiki kumi na mbili, miezi mitatu. Niliipenda sana hesabu hiyo kwa sababu haikuwa na mabaki. Kisha siku moja, nikiwa darasa la sita nadhani, nikaichukua miezi yote kumi na miwili nikaigeuza wiki, nikapata arobaini na nane. Na mwaka, ubao uleule ulikuwa unasema, una wiki hamsini na mbili. Nikainua mkono.

"Mwalimu, hizi nne zingine zimeenda wapi?"

Mwalimu akautazama ubao, akanitazama mimi, akasema, "Wewe andika tu." Darasa zima likacheka. Lakini mimi nilienda nyumbani nikiziwaza. Niliamini kuna mahali zinakaa, wiki nne za kila mwaka ambazo hakuna mwezi uliozitaka, na kwamba mtu akipajua mahali hapo anaweza kwenda kuishi humo bila kuulizwa yuko wapi wala anafanya nini. Shule yenyewe niliiacha kidato cha pili. Swali hilo nilitoka nalo, na sasa lilikuwa limerudi likiwa na kuku juu yake.

Ijumaa ya wiki ya nne mama alinitangulia kibandani. Alikuwa amevaa tayari kwenda soko la mjini.

"Leo ni wiki nne," akasema. "Mwezi umeisha."

"Wiki nne si mwezi, mama. Angalia." Nikamwonyesha kalenda kwenye simu. "Mwezi unaisha tarehe ile tuliyoweka ikirudi. Hiyo ni Jumatatu."

"Simu yako ilizaa lini?"

Susu alikuwa amepanda kuomba chumvi, akatusikia. "Nyote mmepotea," akasema. "Siku ile mayai yalipowekwa, mwezi ulikuwa mwembamba kama ukucha, juu ya ule mgrevilea. Niliuona nikifunga mbuzi. Ukirudi vile ulivyokuwa, ndio umeisha."

"Na utarudi lini, susu?"

"Nikiuona nitakwambia."

Basi tukawa boma moja lenye miezi mitatu. Wa mama uliisha Ijumaa hiyo. Wa susu uliisha Jumamosi jioni, aliponiita kutoka kwake chini, "Huo! Umefika!" nami nikatoka nikauona kweli, ukucha mwembamba juu ya mti. Wa simu ulikuwa unaisha Jumatatu. Nilifurahi kila mara mwezi mmoja ulipoisha bila yai kupasuka, maana nilijua bado kuna mwingine. Halafu Jumatatu ikafika, ikawa miezi yote imekwisha kwa pamoja. Na soko pia, kwa sababu mjini kwetu soko ni Jumatatu na Ijumaa. Mwezi wa mama ukiuongezea soko moja unafika palepale. Hapakuwa na mlango mwingine wa kutokea.

Jioni mama alitoka soko akaja moja kwa moja kibandani, kiondo bado kiko mgongoni. Akaingiza mkono chini ya kuku, kisha akaushika mkono wangu na kuuweka mahali ulipokuwa wake.

"Shika hapa kifuani."

Nilishika. Ilikuwa kama mgongo wa kisu uliofungwa kwa manyoya.

"Mayai yameoza, mwanangu," mama akasema. "Si wewe. Yalitoka mbali, yakatikiswa njia nzima." Aliyasema kwa upole, na upole huo ukaniuma kuliko vicheko vyote vya wageni.

"Mama, nipe nafasi nimpate shangazi kwanza."

"Si umempigia tangu juzi?"

Nilikuwa nimempigia mpaka yule mwanamke wa "mteja hapatikani" nikamzoea. Shangazi hupeleka simu dukani kuchajiwa, na akisahau kuifuata, inalala huko.

"Basi kesho," mama akasema. "Kesho jioni, na hapo tumeelewana."

Kabla sijaondoka kibandani simu ikalia, nikadhani ni shangazi. Alikuwa rafiki yangu wa Mlolongo, tuliyekuwa tukisukuma chapati naye.

"Niaje, beste! Sikiza, kuna kazi. Konza. Kupikia mafundi wa mjengo, na tunalala hukohuko. Watu wanachukuliwa Jumatano. Nimeshasema tuko wawili."

Konza! Nilikwisha kuziona keki. Nilikwisha kuliona sanduku langu limefungwa, na miguu ilikuwa inatafuta viatu peke yake.

"Jumatano hii?"

"Si ndio. Ama uko na kazi ingine?"

"Niko na mayai."

"Uko na nini?"

Nikamweleza. Akacheka mpaka simu ikakwaruza. "Yaani wewe, wewe huyu ninayemjua, umelalia mayai mwezi mzima?"

"Nitakupigia kesho," nikamwambia.

Kesho yake shangazi akashika simu mara ya kwanza tu, kana kwamba alikuwa ameikalia.

"Anti! Mayai hayajatoka!"

"Siku hizi salamu zimeisha?"

"Habari ya huko, anti. Mayai hayajatoka."

"Huku ni kuzuri. Na yatoke leo yana haraka gani? Si nilisema mwezi na soko moja?"

"Soko lilikuwa jana!"

"Soko la nani?"

"La kwetu. Ijumaa ni soko, Jumatatu ni soko."

Nikasikia mbuzi upande wake, na yeye anamfukuza. "Ngoja. Mna masoko mangapi huko?"

"Mawili kwa wiki."

"Aiya, nyinyi watu wa mjini hamchoki kununua? Huku kwetu ni moja. Likipita limepita, unakaa mpaka siku yake irudi. Soko moja ni wiki, mtoto."

"Na mwezi wako, anti, ni upi? Wa simu au wa juu?"

"Wa juu wapi? Mwezi ni masoko manne."

"Kwa hiyo ni masoko matano! Si ungesema tu masoko matano?"

"Nani husema masoko matano?" shangazi akashangaa kabisa. "Watu husema mwezi na soko."

Nililizunguka lile banda nikihesabu kwa vidole. Manne na moja. Kutoka Ijumaa ile ya mkebe, soko la tano la shangazi lilikuwa linaangukia Ijumaa inayokuja. Kama alikuwa amesema kweli, yale mayai hayakuwa yamechelewa hata kidogo. Kama amekosea, nilikuwa naenda kummaliza kuku wa mama kwa mawe saba meupe.

Mama alinisikiliza akichambua mahindi ya muthokoi kwenye ungo, hakuinua kichwa. Nilimweleza soko la huku na soko la kule, mara mbili.

"Kwa hiyo mwezi umepata mkia mwingine," akasema.

"Ni hadi Ijumaa tu."

"Ijumaa asubuhi nikitoka kwenda soko, nitapitia kibandani. Nikikuta mayai, nayabeba mimi mwenyewe mpaka shimoni, na kuku wangu anatoka. Sitaki mwezi mwingine tena, hata kama utaletwa na padri."

"Sawa, mama."

Nikampigia rafiki yangu hapohapo. Nilisema haraka kabla miguu haijasikia.

"Enda na mtu mwingine."

"Kweli?"

"Kweli."

"Haya. Ukianza kulalia ya mamba niambie, nikuje na kamera."

Jumatano ndiyo iliyonishinda kabisa. Nilipanda tuta la juu, mahali unapoiona barabara, nikasimama nikitazama magari yanayoshuka, nikijiambia labda yumo katika lile, labda katika hili. Nikateremka. Nikapanda tena. Nilipoenda kumtoa kuku mchana ale, hakutaka kutoka. Alijikaza kwenye kikapu kama aliyeshonewa hapo. Nikamletea mahindi kiganjani. Aliyaokota moja moja, taratibu, kichwa kikitikisika, na kila punje nilikuwa naisikia ikigonga kiganja changu. Alikuwa hanidonoi tena. Hilo lilinitisha. Kuku anayeatamia halafu hakudonoi, mama alisema zamani, ni kuku aliyechoka.

"Nikutoe?" nikamuuliza. "Niambie tu, nikutoe?"

Alifumba jicho moja.

Alhamisi nilikaa mbali na kibanda. Nilijituma mwenyewe kila mahali: nikafua blanketi, nikapeleka majani kwa mbuzi wa susu, nikawatazama vifaranga wale watatu ambao sasa walikuwa wameanza kuota manyoya ya mabawa na wanamfuata susu kila anakokwenda, kana kwamba ndiye aliyewaangua. "Hawa hawana shida," susu akasema. "Wewe ndiye mwenye shida. Keti." Nikasema ninaketi, nikaondoka.

Jioni jua likiwa bado limekaa juu ya matuta, mama alivaa kitambaa chake akaenda sala ya jumuiya kwa jirani. Nilibaki peke yangu. Kesho asubuhi angepita pale na mikono yake, nami nilitaka nijizoeshe kumwona kuku yule bila kitu chini yake. Nikaenda mpaka mlango wa kibanda, sikuingia.

Kru-kru-kru.

Sikuwa nimeisikia sauti hiyo tangu siku mbili zile za sweta. Nilidhani amewakumbuka. Nilidhani kwamba amechoka sana hata amerudi nyuma, anaita wale watatu ambao sasa wanamjua susu, na moyo wangu ukaanguka mpaka kwenye malapa. Akanyamaza, vile anavyonyamaza, awape nafasi.

Na kitu kikajibu.

Kilikuwa chembamba mno, cha mbali, kama mtu anayepiga mluzi ndani ya nyumba nyingine. Kikatoka chini yake. Akaita tena, kikajibu tena, na safari hii kilijibu na mwenzake.

Niliingia kwa magoti. Nikapitisha mkono chini ya kuku, naye akaunyanyua mwili kidogo kunipisha. Nikatoa yai moja. Lilikuwa la moto kuliko mkono wangu. Nikaliweka sikioni. Humo ndani mtu alikuwa anakwaruza ukuta, anapumzika, anakwaruza, kwa bidii kubwa na ukucha mdogo.

Ningeweza kumpigia susu kelele kutoka palepale. Ningeweza kukimbia mpaka kwa jirani na kusimamisha sala, mama atoke nje akidhani nyumba imeungua. Miguu ilikuwa tayari, mmoja ulishatoka nje ya mlango. Nikalirudisha yai mahali pake, nikaurudisha na mguu ndani. Kulikuwa na ndoo ya maji karibu na ukuta. Nikamwaga maji yaliyobaki, nikaipindua, nikavuta mlango wa kibanda ukafungika nyuma yangu, nikaketi.